Vitabu vya maktaba vimepitisha mwaka bila kurudishwa: ni deni au ni wizi?

MsomajiMwanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye kujua sheria na wenye kuijua kazi ya maktaba watoe mwanga, maana majibu ya mtaani yanapingana.

Hali iko hivi. Vitabu vitatu viliazimwa maktaba ya umma hapa Kigoma. Tarehe ya kurudisha ilishapita, sasa ni mwezi wa 14. Mwazimaji amehamishiwa Tabora kikazi na hakuaga maktaba. Kitabu cha kwanza ni kizima. Cha pili kimemwagikiwa mawese, kurasa kama 40 zimeingia mafuta. Cha tatu hakionekani kabisa. Wiki hii mdhamini aliyesaini fomu ya uanachama, yuko Gungu hapa hapa Kigoma, ameletewa barua: vitabu virudi ndani ya siku 14, la sivyo hatua za kisheria zitachukuliwa.

Hili ni deni tu, au mtu anaweza kupandishwa kizimbani kwa wizi? Mtandaoni pameandikwa kwamba kitabu kikipitisha miezi miwili tayari ni wizi. Mdhamini naye anabanwa mpaka wapi? Na kile cha mawese kirudishwe hivyo hivyo, au ni afadhali kusema nacho kimepotea, kilipwe kiishe?

---

WakiliUjiji

Mkuu, tuanze na hiyo miezi miwili, kwa sababu ndiyo inayowakosesha watu usingizi bure. Hiyo ni sheria ya jimbo la Iowa, Marekani, kifungu cha 714.5. Na hata huko hakisemi kwamba siku ya 61 unaamka mwizi. Kinasema kukaa na kitabu miezi miwili baada ya tarehe mliyokubaliana kunaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa nia ya kumnyima mwenye mali, mradi maktaba iwe imejaribu kwanza kukudai, ikiwemo kukutumia barua ya rejista yenye onyo. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, haina kalenda ya namna hiyo. Mtu anayekunukulia miezi miwili ukiwa Kigoma anakusomea sheria ya watu wengine.

Kwetu maana ya wizi iko kifungu cha 258. (Nafuata namba za Toleo la 2022. Ukifungua toleo la baadaye tafuta maneno ya kifungu, usikariri namba.) Wizi ni kuchukua kitu kwa hila bila kuwa na haki nacho, au kukigeuza kwa hila kiwe cha matumizi ya mtu asiye mwenyewe. Kwa kitabu cha kuazima, njia ya kwanza haipo: ulikipokea dirishani, karani akakugongea tarehe mchana kweupe. Inabaki ya pili, ile ya kukigeuza. Na neno "hila" halikuachwa linaelea, limefafanuliwa. Ni nia ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja. Au nia ya kukiweka rehani. Au kukitoa kwa sharti la kurudishwa ambalo huenda usiweze kulitimiza. Au kukitumia kwa namna ambayo hakiwezi tena kurudi kilivyokuwa.

Sasa pima. Kusahau, kuhama, kuchelewa, hata kupoteza kwa bahati mbaya, hakuna lililomo humo. Lakini kuchana ukurasa wenye muhuri, kukwangua namba ya kitabu, kukiuza, kukana kwamba uliwahi kukichukua wakati saini yako ipo kwenye rejista, hayo ndiyo yanayolitoa jambo kwenye deni na kulipeleka kwenye jinai. La rehani watu wengi hawaliamini wanapoambiwa. Mtu anamwachia mkopeshaji kitabu kikubwa cha tiba au cha uhasibu kama dhamana ya elfu thelathini, moyoni ana nia ya kukikomboa mwisho wa mwezi, anajiona hajaiba. Kifungu kimeitaja rehani kwa jina lake.

Adhabu ya wizi wa kawaida, kifungu cha 265, inafika miaka 7. Kuiba mali uliyokabidhiwa uitunze au uifikishe kwa mtu, kifungu cha 273, inafika miaka 10. Hivyo ni vikomo vya juu, na shauri likianzia Mahakama ya Mwanzo, mahakama hiyo haivuki kifungo cha miezi 12. Nimekigusa cha 273 makusudi, kwa sababu fomu ya uanachama ndiyo karatasi inayoonyesha kwamba ulikabidhiwa.

Kwa hiyo kuhusu kitabu cha mawese: usithubutu kusema kimepotea. Leo maktaba ina kitabu kilichochafuka na mwazimaji aliyechelewa, basi. Ukiandika kimepotea, kisha kesho kikaonekana kwenye meza yako, umewakabidhi kwa mkono wako mwenyewe kitu ambacho hawakuwa nacho, yaani ushahidi wa hila. Bakuli la mawese halifungi mtu.

Upande wa madai ndio mzito zaidi kwako, na kuna kipengele watu hawakijui. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyeachiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu wa busara ya kawaida anavyotunza yake. Akifanya hivyo na mali ikaharibika ndani ya muda, ana utetezi. Lakini akishapitisha tarehe ya kurudisha kwa kosa lake, kila kinachoipata mali tangu siku hiyo ni juu yake, hata kama hakuzembea. Nyumba ikishika moto wiki moja kabla ya tarehe, una la kusema. Ikishika moto wiki moja baada ya tarehe, kitabu ni chako kulipa. Kwa hiyo swali muhimu kuhusu hayo mawese si "nani aliyemwaga", ni "yalimwagika lini".

---

KaraniRafu

Niongezee upande wa kaunta, maana wengi wanakwenda na fedha mfukoni na bado wanatoka wakiwa wadaiwa.

Jambo la kwanza: maktaba haikidai kitabu kwa jina lake. Inakidai kwa namba ya usajili. Fungua ukurasa wa jina la kitabu, tazama nyuma yake au ndani ya muhuri, utaona namba iliyoandikwa kwa mkono au kugongwa. Maktaba ikiwa na nakala sita za kitabu kimoja cha Fizikia, kila nakala ina namba yake. Mtu akirudisha nakala aliyoazima jirani yake, rejista inamfuta jirani na yeye anabaki anadaiwa. Hii inatokea sana kwa wanafunzi wanaosoma kwa kikundi. Kabla ya kwenda andika kwenye karatasi moja: jina la kitabu, namba ya usajili, na tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye karatasi ya tarehe iliyobandikwa mwishoni. Namba ya kilichopotea utaiomba kaunta, wanayo.

Pili, madai yana mafungu tofauti na yasichanganywe. Kuna tozo ya kuchelewa, inayohesabiwa kwa siku na kwa kitabu. Kuna bei ya kununua kitabu kingine, na hii huhesabiwa kwa bei ya leo dukani, si ile ya miaka kumi iliyopita iliyoandikwa kwa penseli ndani ya jalada. Sehemu nyingine kuna gharama ya kukiandaa upya: jalada la nailoni, lebo, uingizaji kwenye orodha. Omba mchanganuo wa maandishi, fungu kwa fungu, kitabu kwa kitabu. Jumla peke yake usiikubali, kwa sababu baadaye huwezi kupinga fungu moja bila kuonekana unapinga yote.

Kuhusu kile kilichopotea, usikimbilie kununua. Uliza kwanza kwa maandishi kama watapokea kitabu badala ya fedha, na kama toleo jipya linakubalika. Chukua ISBN, ile namba ya tarakimu 13 nyuma ya jalada, uende nayo dukani. Vitabu vya shule vina mtego wake: kama mtaala umebadilika, maktaba inaweza kukwambia haikitaki tena kitabu kile kile, inataka kingine cha somo hilo. Ukiwa umeshanunua, umepata hasara mara mbili. Na tafadhali msipeleke nakala iliyorudufiwa kwenye duka la fotokopi na kubandikwa jalada la rangi. Kurudufu kitabu kizima kunagusa Sheria ya Hakimiliki, Sura ya 218, na mkutubi akiipokea anajiingiza yeye mwenyewe.

Sasa hayo mawese. Maji yakiingia kwenye karatasi yanatoka, mafuta hayatoki. Yanajaza nyuzi za karatasi mpaka ukurasa unaonyesha maandishi ya upande wa pili, kisha yanashika vumbi na kuanza kunuka. Harufu inaita mende na panya, na vitabu vinavyobanana nacho rafuni navyo vinaanza kunyonya. Ndiyo maana hata kama kila neno linasomeka, mkutubi hawezi kukirudisha rafuni. Msimwone mkorofi.

Doa likiwa bichi, la saa chache, unaweza kuokoa kiasi: weka karatasi ya shashi chini na juu ya ukurasa, bonyeza bila kusugua, kisha nyunyiza poda ya mtoto au wanga mkavu, iache siku nzima, ukung'ute kwa brashi laini. Doa la miezi, liache lilivyo. Sabuni inakunjakunja karatasi, petroli inayeyusha wino na kuacha harufu mbaya kuliko ya kwanza, pasi inayasambaza mafuta kwenye kurasa ambazo zilikuwa salama. Kifunge kwenye gazeti, halafu mfuko wa nailoni, kipeleke hivyo.

Kilichonyeshewa ni habari nyingine, na kwa mvua za huku kuanzia Novemba hii ni kesi ya kila siku. Ukungu unaanza ndani ya siku mbili, kwa hiyo usikiache ndani ya begi. Kisimamishe wima kurasa zikiwa zimefunguka kama feni, mahali penye upepo, pasipo jua. Weka karatasi ya shashi kila baada ya kurasa kumi, ubadilishe zikilowa. Jua kali linakikausha nje huku ndani kuna maji, jalada linapinda. Kurasa zenye kung'aa, zile za picha, zikigandana zikiwa mbichi zitenganishe taratibu mapema, zikikauka hazitengani tena.

Ukishalipia kitabu kilichoharibika usikichukue nyumbani kimya kimya. Ukikitaka, omba kigongwe muhuri wa kuondolewa kwenye orodha. Bila muhuri huo bado kinasomeka ni mali ya maktaba.

---

MsomajiMwanga

Asanteni sana, mmenifungua macho. Doa la mawese liliingia baada ya tarehe kupita, kwa hiyo naelewa hapo hakuna ubishi.

Limebaki la fedha na la mdhamini. Tuseme tozo ni shilingi 100 kwa siku kwa kila kitabu. Siku 420 ni 42,000, kwa vitabu vitatu inakuwa 126,000, wakati vitabu vyenyewe vyote pengine havifiki hata nusu ya hapo. Hii ni halali? Mbona New York walifuta faini?

---

MizaniMwandiga

New York walifuta tozo za kuchelewa Oktoba 2021, ni kweli. Lakini hawakufuta kulipia kitabu kilichopotea. Na uamuzi wa maktaba ya mji ule haukupi wewe utetezi hapa.

Kuhusu halali: kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale mtu anapouvunja, anayedai anastahili fidia inayofaa isiyozidi kiasi kilichotajwa. Yaani kiasi kilichoandikwa ni dari. Hakimu anaweza kutoa chini yake. Hiyo 126,000 kwa vitabu vya hamsini elfu ina nafasi ya kuhojiwa. Ila angalia tozo imetoka wapi. Ikiwa ni sharti tu kwenye fomu ya uanachama, hoja ya kifungu cha 74 inasimama vizuri. Ikiwa imewekwa kwa kanuni chini ya sheria, hoja hiyo inapungua nguvu, kwa sababu hapo hubishani na mkataba. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanzishwa kwa Sheria namba 6 ya mwaka 1975, kwa hiyo uliza: "Tozo hii imewekwa kwa kanuni ipi?" Ni swali la heshima, na linajibika.

Kabla ya kufika huko, uliza kama tozo ina kikomo. Maktaba nyingi huwa na kikomo, mara nyingi haizidi bei ya kitabu, na karani mgeni anaweza kupiga hesabu ya siku zote bila kukikumbuka. Pia omba kwa barua msamaha wa sehemu ya tozo, ukirudisha kilichopo siku hiyo hiyo. Barua ya kuomba msamaha iliyofika pamoja na kitabu ina uzito tofauti na iliyofika mikono mitupu.

Mdhamini. Hapa soma fomu neno kwa neno, kwa sababu kuna saini za aina mbili na watu huzichanganya. Fomu nyingine ina nafasi ya mtambulishaji: mwenyekiti wa mtaa, mkuu wa shule au mwajiri anathibitisha kwamba fulani anamfahamu na anaishi pale. Huyo hakuahidi kulipa chochote. Fomu nyingine ina maneno "nitawajibika endapo atashindwa kurudisha". Huyo ndiye mdhamini, na wajibu wake unalingana na wa mwazimaji. Maana yake maktaba hailazimiki kumfuata mwazimaji Tabora kwanza. Inaweza kubisha hodi Gungu moja kwa moja, kama fomu haikusema vinginevyo. Alicholipa, mdhamini ana haki ya kumdai mwazimaji, kwa hiyo stakabadhi abaki nayo yeye. Jinai haimhusu. Hakuna mtu anayeshtakiwa kwa wizi kwa kuwa alimdhamini mtu.

Mwazimaji akiwa chini ya miaka 18, mkataba wake mwenyewe haumfungi, ndiyo maana fomu ya watoto husainiwa na mzazi, na mzazi ndiye anayedaiwa. Na mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa, kwa hiyo yule anayemtisha mtoto wa darasa la pili kwamba atapelekwa polisi kwa kitabu cha hadithi anapoteza pumzi.

Ikifika mahakamani, deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaingia Mahakama ya Mwanzo. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na hulazimiki kuwa na wakili. Kinachowaangusha watu si sheria, ni samansi kuachwa juu ya kabati. Usipotokea, mdai anathibitisha madai yake peke yake, hukumu inatoka, kinachofuata ni kukamatiwa mali. Na hapo hesabu ya 126,000 ambayo ungeipunguza kwa dakika kumi inakuwa amri ya mahakama, pamoja na gharama za shauri.

Kuna wanaohesabu miaka wakisubiri deni lioze. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Lakini ukikiri deni kwa maandishi na kusaini, au ukalipa sehemu, saa inaanza upya. Na rejista ya maktaba haina ukomo: jina linabaki mpaka lifutwe.

---

WakiliUjiji

Hapo kwenye kukiri, niweke tahadhari moja. Msisome maneno ya Mizani mkaogopa kuandika barua. Kwa mtu wa miezi 14, ukomo uko mbali sana, na barua inakusaidia zaidi kuliko inavyokuumiza: inaonyesha hukuwa na nia ya kubaki na mali. Iandikeni ndani ya hizo siku 14, si siku ya 15. Iwe fupi: namba ya uanachama, vitabu vitatu kwa namba zake, hali ya kila kimoja ilivyo kweli, siku ya kuvileta, na ombi la mchanganuo wa malipo. Usijitetee kwa kurasa tatu. Nakala moja igongwe muhuri wa "imepokelewa", ubaki nayo.

Na kama maktaba imekwenda polisi? Mtu anaweza kuitwa kutoa maelezo. Aende, aende na vitabu vilivyopo na nakala ya barua. Mara nyingi ofisa akiona vitabu vipo na barua imeshapelekwa, atawaambia hilo ni la madai. Asilipe fedha mkononi pale, kwa yeyote wala kwa ahadi yoyote. Malipo ya taasisi ya umma hupitia namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanaiita kontroo namba, kwa benki au kwa simu, na stakabadhi ya serikali inatoka. Fedha isiyo na stakabadhi haikulipwa.

Kwa kitabu kilichopotea, chukua taarifa ya upotevu polisi. Haifuti deni hata shilingi. Kazi yake ni moja: siku kitabu hicho kikiokotwa kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba na muhuri wa maktaba ukiwa ndani, kuna karatasi yenye tarehe inayosema ulishatoa habari.

---

Chemchem_TBR

Nasoma nikiwa Tabora huku. Hiyo ya muuza mtumba imenigusa. Anayenunua kitabu chenye muhuri wa maktaba bila kujua, anaingia wapi? Na vyuo je, vinaruhusiwa kuzuia cheti kwa sababu ya kitabu?

---

MizaniMwandiga

Anayenunua: asiyemiliki hawezi kukuuzia umiliki. Hata ukilipa bei kamili, maktaba ikija na namba yake ya usajili unakirudisha, kisha unamdai aliyekuuzia. Hiyo ni hali ya mnunuzi mwaminifu. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu aliyepokea huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba mali imeibwa, na adhabu yake inafika miaka 10. Sasa muhuri wa zambarau katikati ya ukurasa ni sababu ya kuamini au siyo? Wengine wanasema maktaba huwa zinaondoa vitabu vya zamani, na ni kweli, ila kitabu kilichoondolewa halali huwa na muhuri wa pili unaosema hivyo. Muhuri mmoja bila wa pili, kiache mezani. Ukurasa wa jina ukiwa umechanwa kabisa, kiache haraka zaidi. Maktaba nyingi hugonga pia ukurasa wa siri katikati ya kitabu, kwa hiyo anayechana wa mwanzo hajaondoa kitu.

Vyuo: fomu ya klirensi, ile ya kuthibitisha hudaiwi kitu kabla ya kuondoka, ina nafasi ya maktaba, na mkutubi hasaini kama jina linadaiwa. Masharti hayo uliyakubali kwenye kanuni za chuo ulipojisajili, kwa hiyo kubishana nayo wiki ya mahafali hakukusaidii. Lipa, chukua stakabadhi, hakikisha deni limefutwa kwenye mfumo. Si mara moja stakabadhi ipo na mfumo bado unadai, kwa sababu ofisi ya fedha na maktaba haziongei.

Kwa waajiriwa wanaoazima maktaba ya ofisi, mwajiri hawezi kukata mshahara kienyeji. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka kukatwa kuwe na ridhaa yako ya maandishi au ruhusa ya sheria. Ikiwa ni hasara, uelezwe sababu, kiasi na jinsi kilivyohesabiwa, upewe nafasi ya kupinga, na makato hayo kwa jumla yasizidi robo ya mshahara wa fedha.

---

MsomajiMwanga

Nimeelewa. La mwisho kabisa: vitabu viwili viko Tabora. Vikitumwa kwa basi inatosha, au mwenyewe lazima asafiri?

---

KaraniRafu

Si lazima asafiri, ila ajue kwamba mpaka karani avipokee na kufuta rejista, vitabu viko mikononi mwake kisheria. Basi likivipoteza njiani, yeye ndiye aliyevipoteza.

Njia salama ni posta kwa rejista au EMS, huduma yao ya haraka, yenye namba ya kufuatilia. Akitumia basi, tiketi ya mzigo iandikwe "vitabu viwili vya maktaba" na thamani yake, si "bahasha" tu, maana kampuni ikidaiwa italipa bahasha. Apige picha jalada, ukurasa wa muhuri, na zile kurasa za mawese kabla ya kufunga. Katoni ngumu, gazeti pande zote, nailoni nje. Cha mawese kiwe na nailoni yake peke yake, kisije kikaharibu kile kizima kwenye safari. Ndani ya katoni iwekwe barua aliyoeleza Wakili, nakala mbili, moja ya kurudi na muhuri.

Yule mdhamini wa Gungu akikubali kupokea mzigo stendi na kuupeleka mwenyewe kaunta, hapo ni pazuri zaidi. Asimame pale mpaka aone mstari unapigwa kwenye kila namba, au kwenye kompyuta jina linaonyesha sifuri kwa vitabu viwili na kimoja kinachosubiri malipo. Aombe karatasi yenye namba za usajili zilizopokelewa. Aende kabla ya saa nane mchana, ofisi ya fedha ikiwa bado inatoa kontroo namba, vinginevyo atarudi kesho kwa ajili ya hicho kimoja.